Kusambaa kwa saratani ya tumbo

Saratani ya tumbo husambaa pale seli zake zinapopenya ukuta wa mfuko wa chakula na kwenda kuota mahali pengine: kwenye mitoki, ini, utando wa fumbatio, mapafu au mifupa. Iliyohamia kwenye ini bado ni saratani ya tumbo. Chini ya hadubini seli zake hufanana na za tumbo, na dawa zake ni zile zile za saratani ya tumbo. Mgonjwa aliyeambiwa mwezi uliopita kwamba ana saratani ya tumbo, na leo kwamba ini nalo limeshikwa, hana magonjwa mawili. Ana moja lililotembea.

Chukua mfano wa mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu, mpakani na Goma. Umo ndani ya ukanda wa nyanda za juu unaojumuisha Rwanda, Burundi, majimbo ya Kivu nchini Kongo na kusini magharibi mwa Uganda, ambako saratani hii imeonekana kwa wingi kuliko katika sehemu nyingi za Afrika. Miteremko ya Kilimanjaro ina sifa kama hiyo. Bakteria aitwaye Helikobakta pilori, ambaye mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa, amewaambukiza watu wengi milimani na pwani vilevile, kwa hiyo peke yake hatoshi kueleza tofauti hiyo.

Katika mji huu Kiswahili na Kinyarwanda huzungumzwa pamoja, na neno moja la Kinyarwanda lina uzito mkubwa katika maelezo ya mgonjwa. Igifu ni mfuko wa chakula. Kurwara igifu ni kuugua mfuko huo, na humo huingizwa kiungulia, gesi, vidonda na maumivu yoyote ya chembe cha moyo. Saratani changa huingia katika jina hilo bila kuleta shaka. Dawa za kupunguza asidi zinaweza hata kutuliza maumivu yake kwa muda, nayo ikaendelea kuchimba. Ndiyo maana wengi hufika hospitali wakati tayari imesambaa, na ndiyo maana inafaa kujua njia inazopita.

Ukuta wa tumbo una tabaka kadhaa: utando laini wa ndani, tabaka laini chini yake lenye mishipa mingi ya damu na ya limfu, misuli, kisha utando mwembamba wa nje. Saratani huanza katika utando wa ndani. Ikiwa haijatoka hapo, mitoki hushikwa kwa wagonjwa wachache sana; ikifika tabaka la pili tu, ambalo liko milimita chache kutoka ilikoanza, huwa imeshaikuta mishipa ya kuibeba, na takriban mgonjwa mmoja kati ya watano tayari ana mtoki ulioshikwa. Ikivuka utando wa nje hugusa majirani: kongosho, bandama, ini, utumbo mpana, kiwambo. Ikiwa juu, hupanda kwenye umio na chakula kikaanza kukwama; ikiwa chini, huziba mlango wa kutokea na mgonjwa hutapika alichokula jana.

Namna ya kusambaa hutegemea pia aina. Mwaka 1965 Pekka Laurén wa Ufini alizigawa saratani hizi katika aina mbili. Moja hujenga uvimbe wenye umbo, ambao mara nyingi huelekea ini kwa njia ya damu. Nyingine haina uvimbe: seli zake zimepoteza protini inayozishikanisha, zikapenya moja moja hadi tumbo lote likakakamaa kama ngozi kavu. Hii ya pili hupenda utando wa fumbatio na ovari, nayo huonekana zaidi kwa vijana. Hata kamera inayoshushwa tumboni inaweza kuikosa ikiwa kinyama cha kupimwa kimechukuliwa juujuu.

Njia ya limfu ndiyo hutumika mapema. Seli huenda kwenye mitoki inayozunguka tumbo, kisha iliyo kando ya mshipa mkuu wa damu, kisha hupanda kwa mfereji wa kifua unaomwaga limfu karibu na shingo, upande wa kushoto. Hapo, juu ya mtulinga wa kushoto, huweza kutokea mtoki mgumu usiouma. Mjerumani Rudolf Virchow aliueleza mwaka 1848, nao unaitwa kwa jina lake. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuugundua kwa vidole viwili, bila umeme wala mashine, na kwa maoni ya mwandishi huyu kila mtu mzima anayerudi mara ya tatu kwa sababu ya igifu, huku amekonda, anastahili kuguswa shingo.

Alama nyingine inayogunduliwa kwa mkono iko kitovuni. Katika hospitali ya St. Mary's mjini Rochester, Minnesota, Sista Mary Joseph Dempsey (1856–1939) alikuwa msaidizi wa daktari wa upasuaji William Mayo. Alipowaosha wagonjwa kabla ya upasuaji alitambua kwamba wenye kivimbe kigumu kitovuni walikutwa na saratani iliyokwisha kuenea ndani ya fumbatio. Mayo aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1928, lakini jina la sista lilipewa alama hiyo na Hamilton Bailey mwaka 1949, miaka kumi baada ya kifo chake. Ni heshima iliyochelewa, lakini ni ya haki.

Seli zikivuka utando wa nje wa tumbo hudondoka katika uwazi wa fumbatio na kuota kama mbegu zilizomwagwa. Fumbatio hujaa maji. Baadhi hushuka hadi chini kabisa, mbele ya puru, ambako kidole cha daktari hukuta ukingo mgumu. Nyingine hukaa kwenye ovari. Friedrich Krukenberg alieleza uvimbe huo mwaka 1896 akiudhania umeanzia hapo hapo. Mwanamke anaweza kufika kwa sababu ya uvimbe wa nyonga, na chanzo kikawa tumboni.

Kwa damu, ini hupata pigo la kwanza kwa sababu damu inayotoka tumboni hupita humo kabla ya kurudi moyoni. Mapafu hufuata, halafu mifupa. Ubongo ni nadra. Mkondo wa damu hauelezi yote. Mwaka 1889 Mwingereza Stephen Paget, akipitia kumbukumbu za waliokufa kwa saratani ya titi, alisema mbegu huota pale tu udongo unapoifaa. Mkulima wa viazi anayelima udongo wa volkeno juu ya Gisenyi hahitaji kufafanuliwa hilo.

Nchini Rwanda, mwenye bima ya afya ya jamii, iitwayo mituweli, huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya Gisenyi, ambako ultrasaundi inaweza kuonyesha maji tumboni na madoa ya ini. Uthibitisho huhitaji kamera na kinyama cha kupimwa maabara. Butaro, wilayani Burera, ina kituo cha saratani tangu Julai 2012. Tibamionzi ilianza katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, Kigali, mwaka 2019. Kabla ya upasuaji mkubwa ni vyema kuchungulia fumbatio kwa kamera ya tundu dogo, kwa kuwa mbegu ndogo za utando hazionekani vizuri katika picha za CT. Isiposambaa mbali, tumbo hukatwa pamoja na mitoki yake, angalau 15 ikipimwa ili kiwango kijulikane, na tibakemikali hutolewa kabla na baada.

Iliyosambaa mbali kwa kawaida haiponi. Tibakemikali huongeza muda, mrija au upasuaji wa kupitisha chakula hufungua palipoziba, maji hutolewa kwa sindano. Maumivu yana dawa: Rwanda hutengeneza yenyewe mofini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake, na wahudumu wa afya wa jamii hushiriki kuwafuatilia wagonjwa hao vijijini.