Herufi Moja Katika Medali ya Lusitania

Kwa takriban miaka mitatu niliamini kuwa ninamiliki medali ya shaba iliyotengenezwa München mwaka 1915. Nilikuwa nimeinunua katika soko la vitu vikuukuu nchini Uingereza, nikiwa naandika tasnifu yangu ya uzamivu, kwa fedha ambazo mwanafunzi mwenye busara angenunulia chakula cha wiki nzima. Niliporudi chumbani niliiandikia maelezo daftarini, kama tunavyofundishwa kukifanyia kila chanzo cha historia. Msanii: Karl Goetz. Mahali: München. Malighafi: shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Mada: kuzama kwa meli ya Lusitania. Tarehe iliyoandikwa: 5 Mei 1915, kwa Kijerumani. Kati ya mistari hiyo mitano, mitatu ilikuwa na makosa, ingawa sikukusudia kumdanganya mtu.

Ndugu msomaji, kwetu neno medali huleta picha ya mwanariadha jukwaani, au ya mzee aliyepigana vita akiwa amevaa nishani zake siku ya kumbukumbu. Medali ninayoizungumzia ni ya aina nyingine. Ni kazi ya sanaa ya kushikwa mkononi, yenye pande mbili, ambayo haivaliwi kifuani wala haipokelewi dukani. Asili yake ni Italia ya karne ya 15. Mwaka 1438 mfalme wa Bizanti, Yohane wa Nane Palaiologos, alifika Ferrara kwa ajili ya mtaguso wa kanisa, akitafuta pia msaada wa kuiokoa dola yake iliyokuwa ikizidiwa na Waturuki. Mchoraji Pisanello alimwona, akamchora, kisha akatengeneza kisahani cha madini chenye sura ya mfalme upande mmoja na mfalme juu ya farasi upande wa pili. Wanahistoria wengi huihesabu hiyo kuwa medali ya kwanza ya aina hii. Baada yake, kila mwenye nguvu na mali aliyeogopa kusahauliwa alitaka ya kwake.

Wanafunzi huniuliza inatofautianaje na sarafu. Huwajibu kwa mfano wa nyumbani. Mwaka 1916 Wajerumani waliokatiwa njia ya bahari waligonga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora, nyingine kwa shaba iliyotokana na maganda ya risasi na mizinga. Sura zake zilikuwa za kubahatisha, lakini serikali ilisema ni fedha, na mwenye kuuza mtama ilimbidi azipokee. Medali haina serikali ya kuisemea namna hiyo. Inamtegemea mtu aishike, aitazame mbele na nyuma, aridhike na kinachosemwa. Kwa hiyo anayeiandikia maelezo anakuwa na nguvu kubwa kuliko anavyodhani, kwa kuwa walio wengi watayasoma maelezo hayo bila kuishika medali yenyewe.

Turudi kwenye meli. Lusitania, meli ya abiria ya kampuni ya Cunard, iliondoka New York tarehe 1 Mei 1915. Asubuhi hiyohiyo magazeti ya huko yalikuwa na tangazo la ubalozi wa Ujerumani likiwaonya wasafiri kwamba meli za Uingereza zinaweza kushambuliwa. Tarehe 7 Mei, karibu na Old Head of Kinsale, kusini mwa Ireland, nyambizi U-20 iliyoongozwa na Walther Schwieger iliipiga kwa topedo moja. Ilizama kwa dakika 18 hivi. Walikufa karibu watu 1,200, wakiwamo Wamarekani 128. Katika shehena yake mlikuwa na risasi za bunduki zaidi ya milioni nne.

Agosti mwaka huo Goetz, msanii mzaliwa wa Augsburg aliyekuwa akifanya kazi zake München, alitengeneza medali kwa gharama yake mwenyewe. Upande wa mbele meli inazama ikitanguliza tezi, sitaha imejaa mizinga na ndege za vita, na juu pameandikwa kwa Kijerumani kwamba hakuna bidhaa haramu; maneno ya kebehi, kwa sababu mchoro unaonyesha kinyume chake. Chini yapo maelezo ya tukio na tarehe. Upande wa nyuma ni dirisha la tiketi la Cunard. Nyuma ya dirisha hajakaa karani, kimekaa kiunzi cha mifupa, na abiria wamesongamana kupokea tiketi kutoka kwenye vidole vyake. Mmoja anasoma gazeti lenye habari ya hatari ya nyambizi. Pembeni mtu mwenye kofia ndefu ameinua kidole akionya, na hakuna anayemgeukia. Juu pameandikwa: biashara kwanza kuliko vyote.

Ni kazi yenye ufundi, lazima nikiri. Hoja yake ni kwamba kampuni ya Uingereza iliwauza abiria wake kwa faida, ikawaficha nyuma yao risasi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na uongo pia. Risasi zilikuwamo. Mizinga na ndege sitahani havikuwamo. Meli halisi ilitanguliza omo kuzama, wala si tezi. Na tarehe aliyoiandika, 5 Mei, ilikuwa siku mbili kabla ya tukio. Baadaye Goetz alisema alipotoshwa na habari ya gazetini, akatoa toleo lililosahihishwa kuwa 7 Mei. Alikuwa amechelewa mno.

Medali moja iliwafikia Waingereza. Picha yake ilipelekwa Marekani na kuchapishwa katika gazeti la New York Times Mei 1916, mwaka mmoja baada ya maafa. Kisha, kwa msukumo wa idara ya ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza, nakala zake zikaanza kutengenezwa London. Goetz alikuwa ametoa vipande mamia machache. Nakala za Waingereza hukadiriwa kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Ziliuzwa shilingi moja kila moja, ndani ya kijisanduku chenye kikaratasi cha maelezo, na mapato yakaenda kwa askari waliopofuka vitani na kwa Msalaba Mwekundu. Tarehe ya 5 Mei, iliyokuwa kosa la msanii, sasa ikatumiwa kama ushahidi: Wajerumani walipanga mauaji mapema kiasi cha kuandaa medali ya kuyashangilia. Mwanzoni mwa 1917 wizara ya vita ya Bavaria ilipiga marufuku utengenezaji wa medali hiyo. Yaani kazi iliyotungwa kuishtaki Uingereza ilisambazwa na Uingereza, ikazuiwa na Ujerumani.

Nilizijua habari hizi nilipokuwa nikiandika daftarini mwangu. Nilikuwa nimezisoma zote. Ila nilijihesabu miongoni mwa wenye bahati waliopata kipande cha asili. Aliyenizindua ni mzee mstaafu, mkusanyaji wa muda mrefu, ambaye nilimwonyesha mali yangu kwa majivuno kidogo. Alitoa mfukoni sumaku ndogo na kuisogeza. Medali ikaruka kuifuata. Shaba nyeusi haivutwi na sumaku. Mkononi mwangu palikuwa na chuma kilichopakwa rangi nyeusi. Kisha akanipa kioo cha kukuzia na kuniambia nisome tena tarehe, polepole, herufi kwa herufi.

Ilikuwa MAY. Mei kwa Kijerumani huandikwa MAI. Mafundi wa London waliiga kila kitu, hadi vifuniko vya vichwa vya abiria, lakini neno moja mkono wao uliliandika kwa Kiingereza. Mimi kwa miaka mitatu nilisoma I palipokuwa na Y, kwa sababu nilijua Kijerumani na nilijua panapaswa kuwa na nini. Asiyejua lugha yoyote kati ya hizo mbili angenakili alichokiona na angekuwa sahihi kuniliko.

Baadaye nilikisoma kile kikaratasi cha London kwa makini zaidi. Nilichogundua ni kwamba nacho ni maelezo ya medali, tena mazuri, ya mtu aliyeitazama kweli. Anataja kiunzi cha mifupa, dirisha la tiketi, anayeonya. Anabainisha, kwa haki kabisa, kwamba msanii ameweka mizinga na ndege ambazo hazikuwamo, na kuwaacha wanawake na watoto ambao dunia nzima ilijua walikuwamo. Sentensi hiyo ni kweli tupu. Lakini kwa mtu anayeijua shehena, ukimya wake kuhusu zile risasi milioni nne unapiga kelele. Goetz aliwaondoa watoto, mwandishi wa kikaratasi akaziondoa risasi, na kila mmoja aliweza kuapa kwamba yeye anaeleza kilichopo.

Tangu nianze kufundisha, kila mwaka huipitisha medali hii darasani na kuwataka wanafunzi waieleze bila kuifasiri. Ni kazi inayowachosha. Wengi huandika neno propaganda kwenye mstari wa kwanza na kuweka kalamu chini. Mwaka mmoja, kati ya watu zaidi ya 40, aliyemtaja mtu mwenye kofia ndefu alikuwa mmoja tu, mtumishi wa umma anayetunza kumbukumbu katika masjala, aliyekuwa akisoma kwa masomo ya jioni. Nilipomuuliza alijibu kwamba kazini kwake faili lililoelezwa vibaya ni faili lililopotea. Nimelitumia jibu hilo mara nyingi kuliko kitabu chochote cha nadharia.

Mapema mwaka huu nilitumiwa orodha ya mnada wa medali za Ulaya. Humo nilikuta kazi nyingine ya Goetz, ya mwaka 1920. Ilielezwa kwa mistari mitatu: shaba, kipenyo chake, hali nzuri, kejeli juu ya ukaliaji wa Rhineland na Wafaransa, kichwa cha askari Mwafrika. Naieleza hapa kwa ukamilifu zaidi, na naomba radhi kwa msomaji. Baada ya vita Ufaransa iliweka katika ukingo wa mto Rhine majeshi yaliyokuwa na askari kutoka makoloni yake, wakiwamo Wasenegali, Wamoroko na Wamalagasi. Upande mmoja wa medali una kichwa cha askari Mweusi mwenye kofia ya chuma, sura imepotolewa hadi ifanane na mnyama, imezungukwa na jina la wimbo wa kizalendo wa Kijerumani kuhusu ulinzi wa Rhine na yale maneno matatu ya jamhuri ya Ufaransa: uhuru, usawa, udugu. Upande wa pili mwanamke mweupe aliye uchi amefungwa kwenye nguzo yenye umbo la uume, iliyovikwa kofia ya askari. Maandishi yanasema: Die Schwarze Schande.

Kampeni iliyoizaa medali hiyo haikuwa ya Wajerumani peke yao. Wasomaji wangu wa Kongo watakumbuka jina la E. D. Morel, Mwingereza aliyeufichua ukatili wa Mfalme Leopold katika biashara ya mpira. Mwaka 1920 mtu huyohuyo aliandika kijitabu kuhusu kile alichokiita balaa la Rhine, akiwaeleza wanaume wa Kiafrika kama watu wasioweza kuzuia tamaa za miili yao. Na mwaka mmoja tu nyuma yake, Machi 1919, Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa amepokewa Berlin kwa gwaride, na askari wetu wa Tanganyika wakisifiwa kuwa watiifu na mashujaa kupita kifani. Mwafrika mwenye bunduki alikuwa shujaa akiwa chini ya bendera moja na mnyama akiwa chini ya nyingine. Mwaka 1937 polisi wa siri wa Hitler waliwakusanya watoto wa Rhineland waliozaliwa na baba hao, mamia kadhaa, wakawahasi kwa siri, kinyume hata cha sheria zao wenyewe. Sidai kwamba kisahani cha shaba kilifanya hayo. Kilikuwa katika kundi la vitu vilivyowazoeza watu.

Nilipoisoma orodha ya mnada mara ya kwanza sikuona kosa lolote. Malighafi sawa, msanii sawa, mwaka sawa. Ilinichukua muda kuona kazi inayofanywa na neno kejeli, na kwamba mwanamke na nguzo vimeachwa kabisa. Sikuinunua. Bei ilikuwa juu ya uwezo wangu, na hata ingekuwa chini, nisingependa kumlipa mtu kwa ajili yake. Niliomba picha na kuileta darasani, katika wiki ya sita ya muhula, baada ya wanafunzi kusoma habari za Rhineland.

Tuliandika maelezo pamoja ubaoni. Ugomvi ulianzia kwenye mstari wa kwanza. Nilikuwa nimeandika “kichwa cha askari Mwafrika,” kama ilivyo orodhani. Binti mmoja alisimama akasema hapana, si kichwa cha askari yeyote. Pisanello alimwona mfalme, mwalimu, huyu alimwona nani? Tukafuta. Wengine wakataka “katuni,” wengine “sura ya kubuni.” Tukakubaliana na ya pili. Kisha tukafika kwenye neno Schande. Nilipendekeza “aibu.” Wakasema aibu ni kitu mtu anachokiona mwenyewe usoni, na hapa anapakwa mwingine, afadhali “fedheha.” Kijana mwingine akasema fedheha ni ya aliyeichonga. Muda wa kipindi ukaisha, na mstari huo bado una maneno mawili, moja limekatwa kwa chaki, nusu tu.