Neno «pipa» lilitoka wapi?

Huku kwetu Katana wengi wanafikiri «pipa» ni neno la Wabelgiji. Hapana! Ni la Wareno: kwao pipa ni chombo kikubwa cha mbao cha kuwekea divai, kinachoingiza karibu litri 500. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498. Ngome yao ya pale iliwatoka mwaka 1698, lakini neno likabaki, sawa na meza na bendera. Karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara ikaleta Kiswahili mpaka Kongo mashariki. Wazee wetu, wao, kasiksi waliikamulia ndani ya mti uliochongwa kama mtumbwi. Leo vijana wanasema «fût», kwa Kifaransa. Lakini mvua ikianza kupiga mabati, mama zetu bado wanaita: «Leteni pipa!»