Kutoka jeshini mpaka kazi ya petroli: njia, makaratasi na mitego

Watu wengi wanaoacha jeshi katika majimbo ya mashariki wanasikia habari ya petroli ya Ziwa Albert na gazi ya Ziwa Kivu, na wanajiuliza kama kuna kazi yao humo. Kazi ipo, lakini si yote iko hapa karibu, na si kila askari wa zamani anaipata. Habari hii inaeleza kazi iko fasi gani, inaomba nini, na mtu ajikinge namna gani.

Kazi iko wapi kweli

Nchini Congo, petroli inachimbwa Muanda tu, katika Kongo Central, kandokando ya bahari na ndani ya bahari. Visima vya baharini vilianza kutoa mwaka 1975, na leo kampani inayochimba ni Perenco. Toka Bunia ama Uvira mpaka kule ni kuvuka nchi nzima.

Upande wa mashariki bado hakuna kisima kinachotoa. Mwaka 2022 serikali ilitangaza maeneo 27 ya petroli na 3 ya gazi ya Ziwa Kivu ili kampani ziyashindanie. Oktoba 2024 mashindano ya petroli yalifutwa. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba kampani ya petroli inaandika wafanyakazi kijijini kwenu, muulize kwanza kisima kiko wapi.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda iko na miradi miwili: Tilenga ya TotalEnergies na Kingfisher ya CNOOC. Bomba la kilomita 1.443 linatoka Hoima mpaka bandari ya Tanga, Tanzania. Lakini sheria ya petroli ya Uganda ya 2013 inataka Waganda watangulizwe, na mgeni anahitaji kibali cha kazi. Tena, kazi za kujenga zinaita watu wengi kwa muda mfupi. Ujenzi ukiisha wanabaki wachache tu wa kuendesha mashini.

Karatasi ya kwanza: kuacha jeshi kwa haki

Kampani ya petroli inachunguza maisha ya mtu kabla ya kumwandika. Askari wa FARDC aliyestaafu ama aliyekubaliwa kujiuzulu awe na karatasi inayoonyesha hivyo. Aliyeondoka bila ruhusa anahesabiwa mtoro, na utoro ni kosa katika sheria ya adhabu za kijeshi ya 2002. Kumuficha mwajiri jambo hilo hakusaidii, litatokea tu.

Waliotoka katika vikundi vya silaha wako na njia nyingine: programu ya P-DDRCS, iliyoundwa mwaka 2021. Hao pia watunze karatasi walizopewa siku ya kuacha silaha.

Ufundi gani unahamia

Mwajiri wa petroli hasomi cheo. Kuandika «nilikuwa ajida» hakumwambii kitu. Mtu aeleze alichokuwa anafanya kila siku. Aliyetengeneza malori ya jeshi ni fundi wa mashini za mazuti. Aliyeshika redio anajua mawasiliano. Aliyetunza stoo ya chakula na mafuta anajua kuhesabu vitu. Muuguzi wa kambi anaweza kufanya kazi kwenye zahanati ya mradi. Shofere wa lori kubwa anatafutwa fasi yoyote penye ujenzi.

Nidhamu nayo inasaidia sana. Kwenye mitambo watu wanafanya saa 12 kwa siku, wanalala kambini, na wanakaa majuma kadhaa mbali na jamaa. Mwanajeshi amezoea hayo. Asiyezoea ni bibi na watoto wanaobaki nyumbani bila pesa mpaka mshahara wa kwanza, kwa hiyo ni vizuri kupanga nao mapema.

Lakini ufundi bila cheti haufunguliwi mlango. INPP inafundisha umeme, mekanike na kuchomelea vyuma. Mchomeleaji wa mabomba anapimwa kwa mtihani unaoitwa 6G: bomba linafungwa limeinama digri 45, na yeye analizunguka bila kuligeuza. Kazi ya baharini inaomba cheti cha BOSIET: kutoka ndani ya helikopta iliyozama, kuzima moto, kujiokoa majini. Cheti hicho kinadumu miaka 4. Kifaransa kinatosha Muanda, lakini Uganda ni Kiingereza.

Mtu ajiandikishe pia ONEM, ofisi ya taifa ya kazi, kisha apeleke CV yake kwa kampani ndogo zinazofanyia kampani kubwa kazi: usafiri, chakula, ujenzi. Wengi wanaingilia hapo.

Na kazi ya ulinzi?

Hii ndiyo wengi wanayoifikiria kwanza. Nchini Congo, walinzi wa kampani binafsi hawabebi bunduki. Penye silaha, ni polisi ya serikali. Kampani nyingi kubwa za petroli zinafuata kanuni za hiari za usalama na haki za binadamu, zilizotolewa mwaka 2000. Kanuni hizo zinaomba kuchunguza kama mlinzi aliwahi kutesa ama kudhulumu raia. Aliye na jambo kama hilo nyuma yake anaweza kukataliwa hata kama anajua kazi.

Mitego

Askari aliyetoka na akiba kidogo anawindwa. Ujumbe unafika kwenye simu: kazi ya petroli nchi za ng'ambo, mshahara mkubwa, «tuma dola 50 za dosie kwa M-Pesa». Kampani ya kweli haimlipishi mtu ili imwandike kazi. Angalia mambo haya:

- Barua inatoka kwa anwani ya kampani, ama kwa anwani ya bure ya mtu?
- Kazi hiyo imetangazwa kwenye ukurasa wa kampani yenyewe?
- Mkataba unataja fasi ya kazi, mshahara na muda?
- Wanataka kukunyang'anya pasipoti ukifika?

Hatari kubwa zaidi ni ahadi ya «ulinzi wa visima» katika nchi yenye vita. Mtu anasafiri kama mlinzi, anafika na kupewa bunduki. Anayeitwa hivyo aonyeshe mkataba kwa mwanasheria ama kwa inspeksheni ya kazi kabla ya kutia sahihi, na aache kopi kwa jamaa.