Kusakinisha: Istilahi na Mashaka ya Linux

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, wengi wamechukulia kwamba kuunda istilahi ni kukipatia jina kila kitu kipya. Historia ya Linux katika Kiswahili yatuonyesha kwamba jina lapaswa pia kumfikia mtumiaji pale anapokwama.

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliitangaza Linux mwaka 1991. Mwaka 1992 ikapewa leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuirekebisha na kuigawa. Ruhusa ya namna hiyo ndiyo iliyowawezesha wataalamu wa mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004: programu ya kuandikia na kufanyia hesabu, yenye amri za Kiswahili.

Hata hivyo, kabla ya kutumiwa, programu hapana budi isakinishwe. Neno hili latokana na sakini, yaani kukaa mahali. Ni ndugu wa maskani. Laeleza kazi yenyewe barabara, kwani katika Linux programu haikai peke yake. Huhitaji programu nyingine za kuitegemeza, tena za toleo maalumu. Jirani mmoja akikosekana, mgeni hapati makao. Zaidi ya hayo, kifurushi kilichotengenezwa kwa Debian hakikubaliki moja kwa moja katika Red Hat. Mwaka 1999 toleo la Debian 2.1 lilileta APT, chombo kinachovitafuta vitegemezi chenyewe. Lakini aghalabu huvitafuta kwa intaneti.

Tumfikirie basi mwalimu wa Ikinga, wilayani Ileje, aliyeletewa kifurushi kimoja tu, naye hana intaneti. Kompyuta yamwambia kwa Kiingereza kwamba kitegemezi fulani hakipo. Kwa kutoelewa, aweza kudhani kwamba mashine imeharibika, akaiacha.

Kwa hiyo yafaa wafasiri waanze na taarifa za makosa, ndipo waendelee na amri zilizo rahisi kukisiwa. Kifurushi, kitegemezi, toleo na hazina ni maneno yetu. Yatumike kwa maana moja katika kila programu na kila kitabu cha mafunzo. Anayejua jina la kinachokosekana aweza kumwagiza msafiri wa Tunduma amletee.