Samaki ya Ziwa, Sahani ya Rafiki

Siku moja saa sita mchana tuliingia katika malewa moja ya Butembo pamoja na rafiki yetu wa tangu masomo. Yeye ni mfanyabiashara, na alikuwa ametoka safari ya ng'ambo kutafuta bidhaa. Tuliagiza samaki na bugali. Mama wa jikoni akatuuliza: "Sahani moja ao mbili?"

Kabla hatujajibu, rafiki akaanza kucheka. "Kule nilikuwa, balinipeleka kula kwa Bajapani. Banakuletea samaki mubichi juu ya kipande ya muchele, kila mutu na yake, kidogo-kidogo vile."

"Mubichi kabisa? Hata moshi haiyaona?"

"Mubichi kabisa, ndugu. Nilifunga macho nikameza."

Tulicheka wote. Lakini kicheko kilipoisha tulijiuliza: je, chakula kile ni mbali sana na hiki chetu? Ukifuata historia, utaona kwamba si mbali.

Chakula hicho kinaitwa sushi. Hapo zamani hakikuwa samaki mbichi. Samaki alitiwa chumvi, akafungiwa ndani ya wali kwa muda wa miezi mingi. Wali ulichacha, na uchachu ule ukamlinda samaki asioze. Alipokuwa tayari, watu walikula samaki na kutupa wali. Karibu na ziwa Biwa, huko Japani, wanamtengeneza hivyo hata leo. Baadaye walianza kutia siki katika wali, hakukuwa tena haja ya kungoja miezi. Ni katika miaka ya 1820 tu, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, ndipo sushi ya kufinyangwa kwa mkono ilipoenea. Iliuzwa katika vibanda vya barabarani, kwa watu wenye haraka na njaa. Kwa maneno mengine, ilikuwa malewa yao.

Basi mwanzo wa sushi ni swali ambalo wazee wetu pia walilijua vizuri: namna gani kumlinda samaki asiharibike?

Sisi Wanande tunakaa milimani. Ziwa Edouard liko chini, kwenye joto, kwenye urefu wa metre 900 na zaidi kidogo, na Butembo iko juu yake kwa metre karibu 800. Zamani samaki alipanda mlima juu ya kichwa au mgongo wa mtu, kwa siku nyingi. Kwa hiyo alikaushwa kwa moshi au kutiwa chumvi. Chumvi ilikuwa karibu: kule Katwe, ng'ambo ya ziwa, upande ambao leo ni Uganda, watu waliichimba tangu kabla ya wazungu. Watu wa milimani walishuka na maharagwe, ulezi na ndizi, wakarudi na chumvi na samaki. Biashara ambayo Wanande wanasifiwa nayo leo, ya kwenda hadi Dubai na Guangzhou, haikuanza na ndege. Ilianza katika njia zile za miguu.

Na msafiri wa wakati ule hakukuta hoteli. Alihitaji rafiki kule chini wa kumpokea, kumlaza na kumpa chakula. Siku ya rafiki kupanda mlimani, deni lilirudishwa vilevile. Kula pamoja kulikuwa mlango wa biashara, si adabu tu.

Kisha wakaja Wabeleji. Tarehe 21 Aprili 1925 waliunda Parc National Albert, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga. Parc ilipopanuliwa ilizunguka ziwa upande wetu, na ugonjwa wa malale ukawa sababu nyingine ya kuhamisha watu wa kandokando. Baadaye uvuvi uliruhusiwa tena, lakini kwa sheria. Vijiji vya uvuvi vinavyotambuliwa ni vitatu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Tangu hapo samaki wa sahani yetu amepita kwenye karatasi na vizuizi, na katika miaka ya vita amepita hata kwenye risasi.

Lakini hatari kubwa kwa desturi yetu ya mezani haikutoka ziwani. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika eneo la Beni. Ugonjwa ulifika Butembo pia. Ulipotangazwa kuwa umeisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 walikufa. Katika muda ule tuliacha kupeana mikono. Kwenye kila mlango kulikuwa ndoo ya maji ya klore. Mkono ukizoea kwenda sahani moja na mkono wa ndugu, si jambo rahisi kuuzuia. Tulimzuia kwa sababu tulitaka kuishi, na ilikuwa haki. Lakini wengi wetu tulibaki na mazoea yale hata baada ya ugonjwa kwisha: kila mtu na sahani yake, kila mtu na simu yake mkononi.

Hatusemi kwamba kula mbalimbali ni kosa. Wajapani wanakula kila mtu na kipande chake, na urafiki wao haufi. Tunasema tu kwamba kwetu sahani moja ilibeba kitu: ahadi ya kwamba nikija kwako sitalala njaa. Ahadi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya chumvi. Sahani ikigawanyika, tuwaeleze watoto ahadi hiyo kwa maneno, ili isipotee.

Mama wa jikoni alikuwa bado anangoja. Rafiki akatazama mikono yake, akaenda kunawa kwa sabuni, nasi tukamfuata.

"Moja, mama," akasema. "Lakini bugali iwe mingi."