Pengo, Mwanya na Waya

Mwaka 1904, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, senti tano zilitosha kumfanya kijana mmoja wa Kongo afungue kinywa. Jina lake Ota Benga, Mbuti wa miaka ishirini na kidogo, aliyepelekwa huko na Samuel Phillips Verner, mmisionari wa zamani aliyepewa kazi ya kutafuta watu wa msituni wa kuonyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha, kama desturi ya kwao ilivyotaka. Magazeti yalimwita mla watu. Moja liliwahakikishia wasomaji wake kwamba meno yale yalistahili senti tano alizokuwa akitoza kwa kuyaonyesha.

Katika mji huohuo, miaka minne tu kabla ya hapo, daktari wa meno Edward Angle alikuwa ameanzisha shule yake. Ilikuwa shule ya kwanza kufundisha jambo moja tu: kuyapanga upya meno yaliyoota vibaya. Na mwaka ule wa 1904, wakati maonyesho yamepamba moto, madaktari wa meno kutoka nchi mbalimbali walikusanyika St. Louis kwa kongamano lao la kimataifa. Basi mji ukawa na vinywa vya aina mbili. Kuna kinywa cha kijana aliyebadilishwa meno na watu wake, ambacho kililipiwa kiingilio. Kuna na vinywa vya vijana wa Kimarekani waliobadilishwa meno na watu wao, ambavyo viliandikiwa vitabu.

Kiswahili kina maneno mawili kwa nafasi iliyo kati ya meno, na msemaji wa lugha hayachanganyi. Mwanya ni nafasi ya kuzaliwa nayo kati ya meno mawili ya mbele, na pwani nzima unahesabiwa kuwa uzuri. Pengo ni nafasi iliyoachwa na jino lililotoka. Mwenye mwanya husifiwa, mwenye pengo hutaniwa. Lakini huo ni utani wa pwani. Ukiiacha bahari ukaelekea Ziwa Victoria, zamani pengo lenyewe ndilo lililokuwa heshima.

Wajaluo hawakuwa na jando. Kilichomtoa mtoto utotoni kilikuwa nak, yaani kung'olewa meno sita ya mbele ya chini. Kazi hiyo ilifanywa na fundi aliyeijua, kwa kipande cha chuma bapa kilichopenyezwa kati ya ufizi na jino, kisha jino likatikiswa hadi likaachia. Haikuwa na ganzi. Kijana alitakiwa atulie, asilie, na alipoinuka akiwa na damu kidevuni alikuwa amekwisha kuwa Mjaluo kamili. Lile pengo la meno sita alikwenda nalo kila mahali kama kitambulisho, hata ugenini, hata akifia mbali na nyumbani.

Wamaasai walitosheka na mawili, yale ya katikati ya taya la chini. Wanandi nao hali kadhalika. Ofisa wa kikoloni A. C. Hollis aliiandika desturi hiyo katika vitabu vyake viwili, cha Wamaasai kilichotoka mwaka 1905 na cha Wanandi cha mwaka 1909. Wazee wakiulizwa sababu, mara nyingi hutaja pepopunda. Ugonjwa huo hufunga taya kiasi kwamba mgonjwa hawezi kufungua kinywa, naye huweza kufa kwa njaa na kiu hata kabla ugonjwa wenyewe haujammaliza. Penye pengo, uji au maziwa yanapita. Kwa wafugaji wanaoishi na mavi ya ng'ombe, miiba na vidonda vya miguuni, hofu hiyo haikuwa ya kubuni, maana vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi.

Kusini, kwenye uwanda wa juu wa Newala na ng'ambo ya Mto Ruvuma hadi Msumbiji, Wamakonde hawakung'oa, walichonga. Patasi ndogo iliyagonga meno ya mbele pembeni hadi yakabaki na ncha. Chale za usoni na ndonya ya mdomoni vilikamilisha sura. Anayetaka kuona meno hayo leo hana haja ya kumtafuta bibi kizee kijijini. Yapo kwenye baadhi ya vinyago vya mapiko, vile vya kuvaliwa kichwani wakati wa ngoma za jando. Mchongaji wa mti aliyahifadhi meno ambayo wajukuu wake hawakuyataka tena.

Gharama ilikuwepo. Ganda gumu la nje la jino likishaondolewa halioti tena, na jino lililochongwa sana huhisi kila baridi na kila moto. Penye pengo la chini nako, meno ya juu yanakosa ya kukutana nayo na taratibu huweza kuinamia nje. Mwaka 1993 watafiti wa Nairobi walichapisha, katika jarida la Ulaya la fani ya kupanga meno, ulinganisho wa vielelezo vya plasta vya meno ya Wamaasai waliong'olewa meno mawili na vya watoto wa Kikuyu ambao hawakung'olewa. Desturi ya vitabu vya Hollis ikawa imefika kwenye meza ya vipimo, milimita kwa milimita.

Jambo moja liliwaunganisha wazee wa Kijaluo na Angle wa St. Louis, nalo ni kalenda. Nak haikufanywa kwa meno ya utoto, kwa kuwa pengo lingezibwa na meno yanayofuata. Ilisubiri meno ya kudumu. Daktari wa kunyoosha meno kwa waya naye husubiri vivyo hivyo. Chonge za juu huota kwenye umri wa miaka 11 au 12, gego la pili hufuata karibu na miaka 12, na mfupa wa taya bado unakua. Ndiyo maana vijana wengi hufungwa waya kati ya miaka 11 na 14, umri uleule ambao jando na unyago vilikuwa vikigonga mlango.

Kuyasogeza meno hakukuanza na Angle. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alieleza kipande cha chuma chenye umbo la kiatu cha farasi, kilichotobolewa matundu, ambacho meno yaliyopinda yalifungwa kwacho kwa uzi. Alichofanya Angle ni kuyapa mambo utaratibu. Mwaka 1899 aliyagawa matatizo ya meno katika makundi matatu, akitazama namna gego la kwanza la juu linavyokutana na lenzake la chini. Mgawo huo bado hufundishwa. Kisha akaunda vifaa kimoja baada ya kingine, hadi kile cha mwaka 1925 chenye mfereji mdogo wa pembe nne unaoshika waya. Vyuma vingi vinavyong'aa leo kwenye meno ya vijana wa sekondari ni wajukuu wa kifaa hicho.

Siri yenyewe iko ndani ya mfupa. Jino halikukaa tayani kama msumari kwenye ubao. Limeshikiliwa na nyuzi nyembamba zilizo kati ya mzizi na mfupa. Waya ukilisukuma, upande unaobanwa mfupa huliwa polepole na seli za mwili, na upande unaoachwa wazi mfupa mpya hujengwa. Jino husafiri hivyo, kama milimita moja kwa mwezi. Mswidi Carl Sandstedt aliyaona hayo kwa hadubini kwenye taya za mbwa, akaanza kuyachapisha mwaka 1904, mwaka uleule wa Ota Benga na senti zake tano.

Angle alikuwa mkali kwenye jambo moja. Kwake, kila jino lililoumbwa lilikuwa na nafasi yake, na kumng'oa kijana jino zima ili mengine yapate nafasi lilikuwa kosa. Alipotafuta mfano wa uso mzuri alilitazama sanamu la kale la mungu Apolo lililoko Vatikani. Rafiki yake Edmund Wuerpel, msanii aliyefundisha kwenye shule yake, alimwonya kwamba nyuso za watu hazina kanuni moja ya uzuri.

Baada ya Angle kufariki mwaka 1930, aliyempinga alitoka miongoni mwa wanafunzi wake mwenyewe. Charles Tweed wa Arizona aliona kwamba wagonjwa wengi aliowatibu bila kung'oa walibaki na midomo iliyochomoza, au meno yao yalirudi yalikotoka. Akawarudia, akawang'oa magego madogo manne kila mmoja, akapanga upya. Mwaka 1940 aliwaonyesha wenzake wagonjwa 100 wa namna hiyo. Upepo ukageuka. Katika kliniki ya Chuo Kikuu cha North Carolina, waliong'olewa meno kwa ajili ya matibabu haya walikuwa asilimia 30 mwaka 1953. Mwaka 1968 walifika asilimia 76. Mwaka 1993 wakashuka hadi asilimia 28.

Takwimu hizo zikisomwa kutokea Kisumu zina ladha nyingine. Katika miaka ambayo vijana wa Kijaluo walikuwa wakiiacha nak, kwa kusukumwa na shule, kanisa na kicheko cha wenzao wa mjini, vijana wa Kimarekani walikuwa wakiketi kwenye viti vya ngozi na kung'olewa meno manne mazima kwa ajili ya sura. Ganzi ilikuwepo, na pengo lilizibwa kwa waya. Hata hivyo meno yalikuwa mazima, na uamuzi ulikuwa wa wakubwa.

Waya wenyewe nao ulibadilika. Zamani kila jino lilivishwa pete ya chuma, na kijana akicheka unaona bati tupu. Mwaka 1955 Michael Buonocore, wa Rochester jimbo la New York, aligundua kwamba ganda la jino likipakwa asidi ya fosforasi kwa muda mfupi hukwaruzika kiasi cha kushika gundi. Kuanzia hapo, vipande vidogo vya chuma viliweza kugandishwa usoni mwa jino bila pete. Kisha ukaja waya wa nikeli na titani, uliovumbuliwa kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, ambao ukiupinda hurudi kwenye umbo lake. Miaka ya 1970 ulifika vinywani, na safari za kwenda kukazwa waya zikapungua.

Afrika Mashariki ilianza kufundisha madaktari wake wa meno katika miaka hiyohiyo: Nairobi mwaka 1974, Muhimbili mwaka 1979. Wahitimu wa kwanza hawakukutana na vijana wanaodai waya. Walikutana na meno yaliyooza na maumivu ya usiku kucha. Pia walikutana na jeraha geni lililopewa jina la meno ya plastiki. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, mganga huutazama ufizi wake, huona uvimbe mweupe mahali pa chonge na kusema ndilo jino baya. Huuchokonoa kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Uvimbe ule ni chonge inayojiandaa kuota. Wapo watoto waliokufa kwa damu na maambukizi. Waliopona hukua vizuri, na hasara hujitokeza baadaye, mtoto akiwa darasa la tano au la sita: chonge ya kudumu haipo, au imeota ikiwa imeharibika, na meno jirani yameinama kuelekea kwenye nafasi iliyo wazi.

Vijana wa kandokando ya Mlima Meru wana hadithi yao. Maji ya huko yana floridi nyingi, na aliyeyanywa utotoni huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Ganda la jino la namna hiyo halishiki gundi kirahisi, kwa hiyo daktari hutumia muda zaidi kuliandaa kabla ya kubandika chuma.

Ota Benga alirudi Kongo na Verner baada ya maonyesho, kisha akaenda naye tena Marekani. Mwaka 1906 aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, hadi wachungaji weusi walipopaza sauti akatolewa. Mwaka 1910 alihamia Lynchburg, Virginia. Huko alivishwa suti, akapewa mwalimu wa Kiingereza, na meno yake yaliyochongwa yakavishwa vifuniko ili afanane na watu wengine. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku. Inasimuliwa kwamba tarehe 20 Machi 1916, kabla ya kujiua, aliwasha moto kama wa kwao, akavibandua vile vifuniko.

Siku hizi, katika kliniki za Nairobi na Dar es Salaam, kijana aliyefungwa waya hupewa orodha ya makatazo kabla hajashuka kitini: mahindi ya kuchoma, miwa, kashata, karanga na peremende ngumu. Atarudi kila baada ya wiki chache kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, na kila akirudi ataulizwa anataka mipira ya rangi gani, maana rangi za shule au za timu zina wenyewe. Bima nyingi huiita tiba hii urembo, kwa hiyo mzazi hutoa mfukoni. Na mara nyingine, daktari akiwa ameshika kielelezo cha plasta na kueleza lipi litasogea wapi, mama humkatiza. Yale yaliyopandana yanyooshwe, anasema, na chonge ile ishushwe, ila huo mwanya wa mbele asiuguse. Ni wa bibi yake. Daktari huandika kwenye faili, kisha huukata waya kwa hesabu hiyo.