Wajihi: picha inayotaka watu wawili

Neno la wachoraji wa Ulaya ambalo kwa matamshi yetu tungeliandika potreti limekaa mlangoni mwa Kiswahili kwa muda mrefu bila kukaribishwa ndani. Wafasiri hulipita kwa kuandika "picha ya mtu", na msomaji haambiwi kama mtu huyo alipigwa picha, alichorwa kutoka kwenye picha nyingine, au aliketi mbele ya mchoraji siku baada ya siku. Lawama si ya wafasiri. Neno picha limebebeshwa mizigo mingi mno: hupigwa studio, hubandikwa kwenye pasipoti, na wapo wanaosema wanakwenda kuangalia picha wakikusudia sinema. Tangu Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na kabla yake pia, watu wa pwani wamejua kuvaa vizuri, kukaa wima na kupigwa picha. Kazi hiyo ina ufundi wake, lakini mteja aliweza kuingia na kutoka bila mpigaji kumjua zaidi ya kola na kofia yake. Kumchora mtu aliye mbele yako ni shughuli nyingine, nayo inastahili jina lake.

Majina ya kujaribu hayakosekani. Sanamu liliwahi kutaja hata picha bapa, ila leo ukisema sanamu mtu wa Dar es Salaam atafikiria ya Askari, ile ya mwaka 1927. Taswira limechukuliwa na walimu wa fasihi, na kwao ni picha inayojengwa akilini na maneno. Mubashara lingetuangusha kwenye matangazo ya mpira. Sura ndilo linalovutia zaidi, na ndilo linalopotosha zaidi, kwa sababu Kiswahili kimekwisha kulitolea hukumu: anayesema "namjua kwa sura" anakiri kwamba hamjui. Akikutana naye njiani atamtambua, lakini jina lake, kwao na ukoo wake havijui. Mchoro utakaoitwa "picha ya sura" utakuwa umejitangazia ufinyu tangu kwenye jina.

Ninalolipendekeza ni wajihi. Likiwa nomino, ni uso na haiba ya mtu. Likiwa kitenzi, kumwajihi mtu ni kukutana naye uso kwa uso, na kuwajihiana ni kufanya hivyo kwa pande zote mbili. Kwa hiyo ndani ya neno moja tunapata kitu kinachochorwa na tendo linalokizaa, bahati ambayo waunda istilahi hawaipati kila siku. Tendo hilo ndilo kiini cha fani hii. Mwaka 1964 mwandishi Mmarekani James Lord alikubali kumkalia mchoraji Alberto Giacometti mjini Paris kwa alasiri moja tu. Vikao vilifika 18. Giacometti alichora kichwa, akakifuta, akakichora tena, huku wawili hao wakizungumza na kubishana, na Lord akaja kuandika kitabu kizima juu ya siku hizo. Lucian Freud, mchoraji wa London, alitaka anayechorwa awepo hata pale brashi iliposhughulikia sakafu au ukuta wa nyuma, kana kwamba ubao wa sakafu nao hubadilika mtu akiondoka. Uso umeumbwa na haya, walisema wazee, na kumkodolea mtu macho kwa saa nzima ni utovu wa adabu popote pwani. Kikao cha uchoraji ni ruhusa ya kuivunja adabu hiyo, na ruhusa hutolewa na mtu aliyepo.

Wapo watakaosema kwamba wajihi ni neno la Kiarabu, tena la washairi, na kwamba uso, neno la Kibantu, lingetosha. Hoja ya Kiarabu haina nguvu: sura, sanamu na taswira zimetoka huko huko, na picha tumeikopa kwa Waingereza. Kuhusu uso, tatizo ni kwamba wachoraji wa aina hii huchora pia mikono, mabega na jinsi mtu anavyoegemea kiti. Mtu anaweza kumwajihi mwenzake mwili mzima.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye michoro yenyewe. Mwandishi Gertrude Stein alimkalia mchoraji Pablo Picasso mara nyingi, hesabu inayotajwa ikiwa themanini na zaidi. Kisha mwaka 1906 Picasso akakifuta kichwa, akaenda kijiji cha Gósol nchini Hispania, na aliporudi akauchora uso bila Stein kuwepo. Francis Bacon naye alipenda kuchora marafiki zake kutoka kwenye picha za kamera, kwa kuwa kuwepo kwao kulimbana. Bacon namwachia: kazi zake ni picha za watu, tena kubwa, na jina hilo pana libaki kwa ajili yake na wengine wa namna yake. Istilahi isiyoacha kitu nje haina kazi. Picasso simwachii. Uso ule wa mwisho ulichorwa na mtu aliyekwisha kuutazama kwa miezi, na vikao vilivyofutwa turubaini havikufutika kwake.

Kinachonisumbua zaidi ni Irma Stern wa Afrika Kusini. Alikuja Unguja mwaka 1939 na tena 1945, akachora wakazi wa mji ana kwa ana, na baadhi ya michoro akaitia fremu za mbao zilizochongwa huko huko. Lakini majina ya kazi hizo mara nyingi ni ya aina ya watu, kama Mwarabu wa mavazi meusi au shehe wa Kiarabu. Ya kwanza iliwahi kunadiwa kuchangia utetezi wa Mandela na wenzake katika kesi ya uhaini. Ya pili iliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Bei ya mchoro imeandikwa, na jina la aliyeketi halimo kwenye anwani yake. Kwa maana yangu hizo ni wajihi, na sioni njia ya kulikwepa hilo. Neno linathibitisha kwamba wawili walikuwa chumba kimoja. Halithibitishi kwamba mmoja alimuuliza mwenzake anaitwa nani.

Ndiyo maana anayeketi naye apewe jina. Modeli humfanya mwili wa kuazimwa. Mwajihiwa humtaja kuwa upande wa pili wa tendo. Mwaka 2002 David Hockney alimkalia Freud kwa zaidi ya saa 100, kisha Freud akamkalia Hockney kwa saa chache tu. Kiswahili kitasema waliwajihiana, na hesabu ya saa waidaiane wenyewe.